Gari la Yaa Birago na Kona ya Mwamba

Stendi ya Nkawkaw, mji ulio chini ya mlima wa Wakwahu, ina magari mengi, lakini yale ya kupanda mlima yana mstari wao, na katika mstari huo dereva mwanamke ni mmoja tu, Yaa Birago. Anayemtafuta haulizi mara mbili. Aangalie Benzi la zamani la bluu, lenye pua fupi, nyuma limeandikwa kwa rangi nyeupe WAACHE WASEME. Na kweli wamesema. Walisema mwanamke hana paja la kukanyaga klachi. Walisema atawamwaga watu korongoni. Kisha wakachoka, maana mdomo nao huchoka, na Birago akaendelea kupanda.

Gari lilikuwa la mumewe, marehemu Adade. Kwa desturi yetu mali ya mwanamume huenda kwa mpwa wake, na siku ya arobaini mpwa alikuja na kufuli jipya mkononi. Birago hakunyanyua sauti. Aliwaita wazee wawili waliokuwepo siku Adade alipompa gari lile angali mzima, naye siku ile ile akatoa chupa ya kinywaji cha shukrani wakainywa pamoja. Kitu kilichoshukuriwa mbele ya mashahidi hakirudi nyuma. Mpwa alirudi kwao na kufuli lake.

Tangu hapo Birago alilitunza gari kama mboni ya jicho. Maji ya rejeta aliyachuja kwa kitambaa safi. Asubuhi yeye hajanywa uji, gari limekwisha kunywa maji. Na mlimani hakuwahi kusimama. Wanaume walisimama kwenye kona ya mwamba, pale mlima unapokaza roho, boneti juu, mvuke unafuka kama jiko la msibani, naye akiwapita polepole huku anawapungia mkono. Hakuwa mtu wa kuficha furaha yake.

Ndiyo maana iliuma sana siku lake lilipochemsha. Ilikuwa msimu wa upepo mkavu wa jangwani, na ilikuwa kona ile ile ya mwamba. Birago alikaa ndani na vioo amevipandisha, kana kwamba amesimama kwa hiari yake. Baada ya muda likachemsha tena, na safari hii wale aliozoea kuwapungia mkono wakampungia yeye.

Sheria ya stendi inajulikana. Gari likichemsha mlimani mara tatu kabla ya Pasaka, linashushwa mstari wa bondeni, likabebe vitunguu na watu wasio na haraka. Pasaka ndipo Wakwahu wote wanaporudi nyumbani, na hakuna anayetaka babu yake akae kando ya barabara anapepewa kwa kofia.

Mwenyekiti wa stendi, Mzee Asiamah, akamwita. Alikuwa mtu wa haki, ila alipenda mno watu wasikie kwamba ni mtu wa haki. Akamwambia kwamba Alhamisi, mkesha wa Ijumaa Kuu, atapanda naye mwenyewe, kiti cha mbele, aone kwa macho yake. Likichemsha, ni bondeni. Akaongeza kwa upole kwamba bondeni si aibu, na kwamba umri nao una haki yake.

"Umri wangu haumo kwenye rejeta, Mwenyekiti," alisema Birago. "Njoo Alhamisi. Na uvae vizuri."

Bondeni mtu anakula na anashiba, hilo Birago alilijua. Lakini huko juu kuna watu wazima waliozaliwa hospitali ya Atibie kwa sababu yeye aliwawahisha mama zao, na wakisikia honi yake wanasema Mama wa Mlima huyo anakuja. Bondeni angekuwa bibi fulani mwenye gari bovu.

Akaenda kwa fundi Mireku. Fundi akashauri watoe thamostati, kile kifaa kinachozuia maji mpaka injini ipate moto, kama wanavyofanya madereva wote. Birago akakataa, maana Adade alikuwa akisema aliyeitengeneza hakuiweka kuwa pambo. Mkanda wa feni ulikuwa mpya, mipira ya maji mizima. Basi wakafungua kizibo cha chini ya rejeta wamwage maji, na maji hayakutoka. Mireku akachokoa kwa waya. Kilichotoka kilikuwa uji.

Uji kabisa, wa kijivu, wenye chenga, unaonuka uchachu. Fundi alinusa kidole, akanusa tena.

"Mama, hili gari limekula chakula cha mchana."

Dansowaa, mdogo wake Birago, ambaye ndiye kondakta wake miaka yote, ni mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika stendi nzima. Siku hiyo hakucheka. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Ukweli ukatoka taratibu. Siku moja mwanzoni mwa ule msimu mkavu, gari halijachemsha bado, aliona rejeta inadondosha. Birago alikuwa kwenye ubishi na abiria mwenye mbuzi. Dansowaa alikuwa na mfuko wake wa chenga za muhogo uliokaangwa, zile ambazo kila mtu huku hutia maji na sukari akala kazini. Akawaza: zikipata maji huvimba, na kilichovimba huziba. Akatia konzi moja. Tone likakoma. Akatia na ya pili, ya kumshukuru Mungu.

Birago alimgeukia.

"Ungeniambia."

"Ungenipiga."

"Ningekupiga," alikubali Birago. "Halafu ningeisafisha siku ile ile."

"Sasa dada, si liliacha kudondosha?"

"Hata mtu ukimkaba koo huacha kukohoa."

Wakasukuma maji kwa mpira kutoka chini kwenda juu, kinyume cha njia yake, mpaka yakatoka meupe. Mireku akachomelea tundu. Lakini alipomulika ndani alitikisa kichwa. Nusu ya mirija ilikuwa bado imeziba, muhogo umekauka mle kama saruji. Rejeta ilitakiwa ifumuliwe yote, na hiyo kazi isingekwisha kabla ya Alhamisi. Akamshauri amwombe Mwenyekiti angoje sikukuu ipite. Birago akamuuliza kama na mlima umeahirishwa. Fundi akaanza kukusanya spana zake.

Alhamisi Mzee Asiamah alikuja amejitanda kitambaa kizito kilichotiwa wanga hadi kinasimama chenyewe. Akaketi mbele, ubavuni mwa kifuniko cha injini, maana katika gari lile injini imo ndani, kati ya dereva na jirani yake. Nyuma walijaa akina mama wanaorudi na vyakula vya sikukuu. Kabla ya kuondoka Birago aliwageukia akawaambia leo kutakuwa na joto, asiyeliweza ashuke sasa, hatamnunia. Hakushuka mtu. Mama mmoja mwenye trei za mayai mapajani alisema amezaa watoto saba, joto gani jingine atatishwa nalo.

Mlima ulipoanza tu, Birago akafungua hita mpaka mwisho.

Hita ile iliwekwa na waliolitengeneza gari kwa ajili ya baridi ya kwao. Huku madereva wameing'oa, au wamesahau kama ipo. Adade aliiacha, na alimfundisha mkewe kwamba hita ni rejeta ndogo: joto likishakupuliza wewe usoni, haliko tena kwenye injini. Basi likapuliza. Poda za shingoni zikayeyuka. Birago akaingiza gia ya pili mapema, injini haijalalamika, feni ikazunguka kwa nguvu. Vijana wakawa wanampita wakipiga honi. Mmoja akatoa kichwa dirishani.

"Bibi, tushuke tukusukume?"

"Kasukume mahari kwanza," Dansowaa alimjibu akiwa mlangoni, "miaka mitatu unasema unakuja."

Mwenyekiti alifuta uso kwa leso, leso ikalowa, akahamia kwenye ncha ya kitambaa chake. Kona ya kwanza aliomba hita izimwe. Kona ya pili aliamuru.

"Mwenyekiti," alisema Birago, macho barabarani, "sheria ya stendi inasema gari lisichemshe. Juu ya abiria haikusema kitu."

Nyuma walicheka, na yule mama wa mayai akatangaza kwamba vifaranga wakitoka, wote ni wake, mwenye gari asije akadai fungu.

Kisha ikafika kona ya mwamba, na kicheko kikakatika chenyewe. Mshale wa joto ulikuwa umefika ukingoni mwa wekundu. Gia ya pili ilianza kutetemeka. Birago, aliyewapita wanaume wote pale, akaingiza ya kwanza. Gari likatambaa. Mbuzi wa mtu akawa anatembea nao sambamba kando ya barabara. Nyuma yao magari yakajipanga, honi juu ya honi, matusi ya kila aina. Hakuyajibu. Tairi likienda pole na injini ikienda mbio, feni inapuliza vilevile. Honi haipandishi gari. Mshale ukabaki palepale ukingoni, haurudi wala hauendelei.

Dansowaa alisema kwa sauti ndogo kwamba hatakula tena muhogo maisha yake yote.

"Utakula," Birago alimjibu bila kugeuka. "Mbali na rejeta."

Wakatokeza juu Atibie, penye upepo. Wale vijana walikuwa wameegesha, wamekusanyika kungoja mvuke. Mwenyekiti akasema zima injini. Birago hakuzima. Hapo ndipo wengi hupata aibu, mtu amefika salama, anazima, maji yanasimama ndani ya chuma cha moto na ndipo yanapochemka. Aliiacha injini ingurume taratibu, mikono ameiweka mapajani kama mtu anayengoja kuletewa chakula. Mshale ukaanza kurudi, kidogo kidogo, kama mgeni asiyetaka kuaga. Uliporudi katikati, akazima.

Kimya. Hakuna mvuke. Hakuna tone.

Mzee Asiamah alishuka. Wanga wote ulikuwa umekwisha, kitambaa kimemganda miguuni. Akaweka kiganja juu ya boneti, akainama akatazama chini ya gari, akajinyoosha mbele ya vijana wale.

"Gari halikuchemsha," alisema. "Nimechemka mimi. Mstari wa mlima ni wa Birago."

Akabaki amesimama, anamwangalia, kama mtu anayengoja neno. Kila aliyekuwepo alijua ni neno gani. Birago alikuwa anasaidia kushusha trei za mayai, yai halikuvunjika hata moja. Akazikabidhi, akafuta mikono.

"Kwetu anayeshukuru ni aliyepewa, Mwenyekiti," alisema. "Nawe hukunipa kitu. Panda twende, kushuka hakuna hita."

Mzee akapanda. Ila safari hii alikwenda kukaa nyuma kabisa, dirishani.