Mashine ya Ndevu na Dote ya Patient

Hii mambo sijaisimulia kazini, ju ni haya tupu, lakini ninyi ni marafiki, muchekeni tu, mimi nilisha kulia nikamaliza. Mimi niko na ndevu. Si nyingi (bon, ni nyingi kidogo), ziko kwenye kidevu na juu ya mudomo, na miaka yote nilikuwa nikizing'oa moja moja asubuhi mbele ya kwenda ofisini Muhumba, hapa Bukavu. Sasa dote ya mudogo wangu Patient ikafika, twende kutoa mahari kule Walungu, na vile mama yetu alisha kufa, mimi dada mukubwa njo ningekaa kwenye kiti cha mama, bakwe wote waniangalie uso siku muzima.

Wifi yangu Furaha, mwenye kuishi Ulaya, alikuwa ameniachia mashine ya mwanga: unaibandika kwenye ngozi, inapiga kama flash ya picha, na nywele zinakufa mupaka kwenye mizizi. Kesho ikiwa dote, nikajifungia chumbani kwangu Nguba, nikaigusisha kidevu. Taa nyekundu. Nikarudilia, nyekundu. Nikasoma karatasi yake: wamechora nyuso za watu, kuanzia mweupe kabisa, na yule wa mwisho, mwenye kufanana na mimi, wamemukata na musalaba. Ile hasira! Mashine inakuja kwangu, inakula courant yangu ya umeme (yenyewe haionekani kila siku), halafu inanikatalia? Nikasema leo utanijua.

Nikaionyesha kiganja cha mukono, ju kiganja ni cheupe kidogo. Taa ya kijani! Nikaigeuza mbio kwenye kidevu mbele ibadilishe mawazo, nikafinya. Moto uliingia mupaka kwenye meno, na chumba kikanuka kuku mwenye kuunguzwa manyoya. Mutu wa akili angeachia pale. Mimi nikajiambia ikiuma ni kusema inafanya kazi, nikauma taulo, nikaendelea, kiganja, kidevu, kiganja, mudomo, mupaka nikamaliza.

Asubuhi nikaamuka na malengelenge ya pembe ine, yamejipanga mustari kama matofali. Patient akashika kichwa.

"Yaya, dada yangu, ubakie tu. Shangazi yetu atakaa pa kiti yako."

"Nani akae? Ni mimi njo nilikulea. Twende."

Nikavaa cache-nez ya bluu, ile barakoa ya hospitali, nikapanda gari.

Walungu walitupokea vizuri. Maman Nsimire, mama ya bibi-arusi, akaleta kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na murija wake, ju mama ya kijana njo anakunywa wa kwanza. Nikapitisha murija chini ya cache-nez (nilijiona mujanja sana), pombe ikanipalia, nikakohoa kwa nguvu, na kamba ya cache-nez ikakatika. Uso wangu wote ukabakia inje.

"Yesu! Ni monkeypox!" shangazi yao mumoja akapiga kelele, na viti vikaanza kurudi nyuma, watu wanavuta watoto. Muzee mwenye kusemea familia yao akasimama.

"Bakwe, mutusamehe. Dote isimame. Mupeleke huyu mama ku hospitali, mutarudia siku ingine."

Bibi-arusi akaanza kulia. Patient akaniangalia. Nikasimama.

"Muzee, siko mugonjwa. Niko na ndevu."

"Uko na nini?" (Masikio yake haiko mazuri.)

"NDEVU! Nilitaka kuzitoa ju ya kuwaheshimu ninyi, mashine ikanikatalia ju niko mweusi, nikaidanganya, ikanichoma! Mwenye kuogopa akuje anishike!"

Hakuna mwenye alijitikisa. Halafu Maman Nsimire akakuja, akanishika kidevu, akakigeuza huku na huku kama anachagua avoka sokoni.

"Ni moto," akasema. "Ugonjwa hauna pembe ine."

Wakacheka, jamani! Muzee alicheka mupaka akakaa chini. Lakini dote iliendelea, na nilikunywa kasiksi wa kwanza, uso wazi, mbele ya wote.

Tulipotaka kurudi Bukavu, Maman Nsimire akanivuta nyuma ya jiko, akafungua kitambaa alichofunga mupaka chini ya kidevu. Ndevu zake zilizidi zangu.

"Ile mashine iko wapi? Unitumie."

"Apana, maman. Hata muturudishie ng'ombe zetu za mahari, apana."

Akanuna kidogo, mupaka leo ananikumbusha. Alama zangu zilichelewa kuisha, na ndevu zilirudi zote, hakuna hata moja yenye ilikufa. Nimeapa sitabandika tena moto kwenye uso ju ya kupendeza mutu, na siku nikichelewa kuamuka naenda ofisini nazo vile ziko, mwenye kutaka kuangalia aangalie.