Dozi Mbili za Mtoto Mmoja

Ofisini tulimwita Koleo, maana akishika jambo haachii. Aliandika programu za simu, na sisi tuliokaa upande wa dirishani tukiandika za tovuti alituona si lolote si chochote. Miaka minne alikaa ukutani, karibu na mtungi wa maji ya kunywa, na sikumbuki siku aliyovuka chumba kuja kutuuliza kitu. Nami sikuwa malaika. Nilimwona mtu wa majivuno tu.

Kampuni yetu ilitengeneza programu ya zahanati. Muuguzi anampima mtoto, anaingiza kilo, programu inamwambia dozi ya dawa. Zahanati yenye kompyuta ilifungua tovuti. Isiyo nayo ilitumia simu. Hesabu ya dozi tuliiandika sisi kwanza. Koleo angeweza kuichukua ilivyo. Badala yake akaiandika upya kwa ajili ya simu, mstari kwa mstari, kwa madai kwamba msimbo wetu, yale maandishi yanayoiendesha programu, unanuka. Kwa hiyo hesabu moja ikawa na nakala mbili, kila moja na mwenyewe, na wenyewe hawasemezani.

Mwongozo wa dawa ulipobadilika, tulirekebisha ya kwetu na kumtumia ujumbe. Hakuufungua. Ulitoka kwetu.

Aliyeligundua tatizo ni dada mkubwa wa Koleo, muuguzi wa zahanati. Umeme ulikatika akiwa katikati ya kazi, akaiacha kompyuta na kushika simu. Mtoto yule yule, kilo zile zile: kompyuta ilikuwa imesema mililita tano, simu ikasema saba na nusu. Hakumpa mtoto hata tone mpaka alipofungua kitabu cha mwongozo na kukuta ni tano. Mchana alikuja ofisini na sare yake ya kazi, akaiweka simu mezani kwa mdogo wake.

"Mdogo wangu," alisema, "mtoto ni mmoja na uzito ni mmoja. Niambie nimwamini nani."

Koleo alirekebisha namba ile siku hiyo hiyo, kimya kimya. Lakini bosi alikwisha kusikia, na bosi wetu akisikia jambo hatulii mpaka alete mtu wa nje. Akamleta Mshauri, bwana wa viatu vyenye ncha na sentensi moja: msimbo uandikwe mara moja, utumike kote. Aliitamka kila kikao, akitazama huku na huku baada yake kama mtu anayesubiri makofi. Na bosi alimpigia.

Alichofanya ni kuibeba tovuti yetu nzima, vitufe na picha na kila kitu, na kuishindilia ndani ya simu kama godoro kwenye begi la safari. Programu ya Koleo ikatupwa. Pale ofisini, penye mtandao wa kutosha, kazi ya Mshauri iling'aa. Basi tukaenda kuionyesha kwenye zahanati ya yule dada, ambako mtandao huja ukipenda.

Simu ilitoa kioo cheupe. Mshauri akasogea dirishani. Cheupe. Akatoka barazani, akapanda juu ya benchi walipokaa kina mama na watoto wao, akainua simu juu kwa mkono mmoja, viatu vyake vikiwa sentimita chache tu kutoka kwenye mapaja ya watu. Bosi alimshikia kiuno asianguke. Mama mmoja alimhamisha mtoto wake, akamkazia Mshauri macho.

"Siwezi kupima wagonjwa nikiwa nimesimama juu ya benchi," muuguzi alimwambia bosi, akarudi ndani.

Koleo alimfuata akicheka. Nilikuwa nyuma yao kwenye korido, nikasikia alichoambiwa.

"Huyu ni mjinga, hilo kila mtu ameliona. Lakini dozi mbili hakuzileta yeye. Ulizileta wewe, kwa dharau zako."

Kicheko kilikatika pale pale.

Kesho yake alivuta kiti hadi mezani kwangu, akaketi. Hakuomba radhi, sikumdai. Tulifanya kazi wiki tatu. Hesabu ya dozi tuliitoa peke yake, bila kitufe wala picha, ikawa fungu moja ambalo tovuti na simu zote zinalitumia. Sura ya tovuti ikabaki ya tovuti, na simu ikarudishiwa sura yake, huku ikibeba hesabu tumboni hata mtandao usipokuwepo. Alisoma msimbo wetu wote akikunja pua, akauliza kama aliyeuandika alikuwa anaandika huku anakula. Alikuta makosa mawili. Mimi nilikuta manne kwenye wa kwake, nikamsomea polepole, na sikatai kwamba nilifurahi.

Dada mtu aliijaribu kwa uzito wa watoto thelathini, kompyuta huku na simu kule, kitabu kikiwa katikati. Zote zilikubaliana. Aliitikia kwa kichwa, akaagiza herufi ziwe kubwa zaidi.

Bosi aliandika ripoti akisifu maono ya Mshauri, ambaye tayari alikuwa amepata kampuni nyingine ya kwenda kutamkia sentensi yake. Tuliitwa kupiga picha naye ya kumuaga. Koleo alijibu kwamba ana kazi, na kweli alikuwa nayo: mwongozo ulikuwa umebadilika tena asubuhi hiyo, naye alikuwa anarekebisha namba, mahali pamoja tu.