Cheche za Shangazi Fausta

Mwaka 1974 shangazi yangu Fausta alivuruga redio za nusu ya mji wa Kilosa bila kugusa hata moja.

Kaa vizuri nikupe mkasa kama alivyonipa mwenyewe.

Fausta alikuwa mwalimu wa fizikia, mzaliwa wa milimani, mwanamke asiyejua kuogopa. Alitaka wanafunzi wauone umeme kwa macho. Akaunda koili ya Tesla, mtambo wa kurusha cheche hewani.

Transfoma aliitoa kwenye bango la taa lililotupwa Morogoro. Chupa za bia zenye maji ya chumvi zikawa za kuhifadhia umeme. Waya wa shaba akauzungushia kwenye bomba.

Akawasha.

Puu! Cheche ndogo kama ya kiberiti kilicholowa.

Shida ilikuwa kwenye pengo la misumari miwili, pale umeme unaporuka. Misumari ilipata moto, cheche ikang'ang'ania palepale. Isipokatika upesi, koili haipati nguvu.

Alihangaika wiki nzima, kila jioni anawasha, ananuna.

Mwishowe akatupa misumari. Akapanga vipande vya bomba la shaba vikikaribiana, cheche igawanyike kwenye vipengo vyembamba. Kisha akaazima mvukuto wa mhunzi, ule wa kupulizia moto, ili hewa ipoze shaba.

Nani sasa wa kuvukuta?

"Mwalimu Hezekia, hebu njoo."

Hezekia alifundisha siasa. Mpole mpaka unamwonea huruma. Akavua koti.

"Vukuta!"

Traaaa! Cheche za zambarau, ndefu kama mkono! Wanafunzi wakapiga yowe. Fausta akarukaruka kama mtoto.

Nje, redio ya mlinzi ikanguruma.

Hezekia akaganda. "Mwalimu, hiki kitu unakiwasha tangu lini?"

"Wiki nzima, kila jioni. Kwani vipi?"

"Hamna kitu."

Kesho yake, Land Rover hiyo getini. Wakashuka Makarius, afisa kutoka mkoani, na mwenyekiti wa tawi la chama.

"Kuna mtambo wa adui unavuruga taarifa ya habari," akasema Makarius. "Ni wa nani?"

Enzi zile hilo halikuwa neno la mchezo. Kazi ingeota mbawa, na ndani ungelala.

Kabla Fausta hajajibu, Hezekia akadakia: "Wangu, ndugu."

"Wako?" Fausta akamaka. "Ndugu afisa, mtambo ni wangu. Huyu kazi yake kupuliza tu."

"Nionyesheni."

Fausta akampa taa ya tyubu aishike. Hezekia akavukuta. Taa ikawaka mkononi mwa afisa, bila waya!

"Mama yangu weee!" Makarius akapiga kelele. "Hebu tena!"

Akarudia mpaka akatosheka. "Adui hayupo hapa. Ila wakati wa taarifa ya habari, marufuku."

Wakiondoka, mwenyekiti akamgeukia Hezekia.

"Ndugu, unanichanganya. Si wewe uliyekuja tawini kuripoti zile kelele?"



Fausta akamtazama. Hezekia akaungama:

"Nilidhani ni adui kweli. Nilipojua ni wewe, gari lilishaitwa. Nikaona bora wanichukue mimi."

Shangazi alitaka kumrukia, akajikuta anacheka. Akamtupia mvukuto.

"Vukuta. Adhabu yako mpaka muhula uishe."

Ndugu msomaji, ukisikia kelele usizozielewa kwa jirani, piga hodi kwanza. Serikali utaiita baadaye.