Mashine Yenye Mdomo Kushoto

Walimwita Rula kwa sababu hakuwa nayo. Alikuwa amechomelea vyuma kwa miaka ishirini na sita, na hakuna aliyewahi kumwona ameshika kipimo zaidi ya shubiri zake na kipande cha chaki. Mteja akija, Rula alipiga magoti kwenye sakafu ya karakana, akachora mashine nzima kwa ukubwa wake halisi, kisha akamwambia mteja asimame juu ya mchoro kana kwamba anafanya kazi. Inama kidogo. Hapo hapo. Mkono unafika? Ukifika, kazi inaanza. Usipofika, alifuta kwa kiganja na kuchora upya.

Ndivyo zilivyozaliwa mashine zake za kupukuchua mahindi, na hakuna mbili zilizofanana. Mwenye mke mfupi alipata mashine fupi. Mwenye mahindi yasiyokauka vizuri alipata chekecheke yenye matundu mapana. Wateja walirudi na malalamiko kama watu wanaorudi kwa mshonaji, na Rula alipunguza hapa, akaongeza pale. Alifanya kazi na wenzake wawili: Mrefu, ambaye alikuwa mfupi kuliko mtungi wa gesi, na Dada Grenda, mama wa makamo aliyekata bati kwa grenda, mstari ukanyooka hadi watu wakadhani amelikunja. Watatu hao walikula, walisomesha, na walitaniana kutwa.

Kisha akaja afisa wa ubunifu.

Alikuwa kijana mstaarabu, shati limepigwa pasi, anaamkia kila mtu mpaka muuza chai. Akaeleza kwamba kuna sera mpya. Serikali inawatafuta wabunifu wadogo, inawapa vifaa, wao wanakuza biashara na kuajiri watu. Rula angepewa mashine ya kukereza vyuma, akae nayo mwaka mzima, na tathmini ikienda vizuri iwe yake moja kwa moja. Rula alisikia neno kukereza na masikio yakasimama. Kila shafti ya mashine zake ilisafirishwa kukerezwa mji wa pili, na kila moja ilimchelewesha wiki nzima.

Mkewe hakufurahi.

"Baba watoto, hawa watu hawajawahi kukuuliza hata choo cha karakana kiko wapi. Leo wanakuletea chuma cha tani moja. Wanataka nini kwako?"

"Wanataka nifanye kazi."

"Kazi unafanya siku zote. Uliza vizuri."

Hakuuliza vizuri. Mashine ya kukereza ilifika ikiwa kwenye sanduku la mbao, ikawekwa mlangoni, na siku hiyohiyo wakaja wahandisi wawili kuchora ubunifu wa Rula ili usajiliwe. Ndani ya karakana kulikuwa na mashine moja tu ya kupukuchua, iliyomngoja mwenyewe. Mwenyewe alikuwa mama muuza mahindi aliyevunjika bega la kulia. Mkono wake haukupanda juu ya kiuno. Kwa hiyo Rula alikuwa ameuweka mdomo wa mashine, pale mahindi yanapoingilia, chini kabisa na upande wa kushoto. Mtu mwingine yeyote angeitumia angeumia mgongo kabla ya gunia la pili.

Wahandisi walipima tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mmoja aliushika mdomo ule, akaupapasa, akasema hajawahi kuona kitu kama hicho. Wakauandika kuwa ndio kipengele kikuu cha ubunifu. Rula alifungua kinywa aseme. Akalitazama lile sanduku mlangoni. Akakifunga. Atawaambia baadaye, alijisemea, wakishazoeana.

Baadaye ikaja kwa barua. Mpaka tathmini ipite, kila mashine itakayotoka karakana hiyo ifuate mchoro uliosajiliwa, na ipigiliwe kibati chenye namba. Atakayetaka kubadilisha chochote aombe upya, kwa kuwa mabadiliko ni ubunifu mwingine. Dada Grenda aliisoma barua kwa sauti, akaisoma tena, akauliza kama ofisi ya ubunifu imewakataza kubuni au ni macho yake. Mrefu alisema labda ofisini kwao wote wamevunjika bega.

Walicheka siku hiyo. Msimu wa mavuno ulipoanza, kicheko kikaisha. Wateja wapya walikuta mashine zote zina mdomo chini kushoto. Mmoja alipiga simu kusema vibarua wake wamegoma, na Rula akajikuta anamwambia azoee kidogo. Neno hilo hakuwahi kumwambia mteja maishani mwake. Waliokuwa wameahidi kuagiza wakaenda kwingine. Dada Grenda alivumilia hadi aliposhindwa, akaenda kukata vyuma vya madirisha kwa fundi mwingine, na aliondoka bila ugomvi, jambo lililomuuma Rula zaidi. Mrefu akawa anakuja siku tatu kwa wiki. Mashine ya kukereza iling'aa pembeni, haina shafti za kukereza.

Hapo ndipo Rula alipoanza kushuku kila kitu. Kwa nini watu wa ofisi ya ubunifu wanapiga picha nyingi hivi? Kwa nini fomu zote zinauliza ajira ngapi zimezalishwa, na hakuna hata moja inayouliza ngapi zimepotea? Alipelekwa kwenye maonyesho, akakalishwa chini ya bango lenye uso wake mkubwa kama mlango. Jirani yake pale alikuwa mtengeneza majiko, naye mbunifu wa sera hiyohiyo. Rula alimuuliza kwa sauti ya chini amepata wafanyakazi wangapi tangu aanze kusaidiwa. Jamaa alitazama kulia na kushoto, akajibu kwamba wafanyakazi hana, ila mabango anayo mawili.

Siku moja kabla ya tathmini, afisa alikuja peke yake. Heshima ilikuwa ileile, lakini jicho halikutulia. Alimwomba Rula karakana isiwe tupu kesho; awaite ndugu na majirani, wavae maovaroli. Kisha akatoa fomu iliyokwisha kujazwa. Ajira kumi na nne. Rula aliuliza ni akina nani. Afisa akahesabu wapagazi wa mahindi, madereva, na muuza chai, kwa kuwa chai yake inanunuliwa na karakana.

"Mwanangu, muuza chai alikuwepo kabla yangu mimi."

"Mzee wangu, wewe saini tu. Ni kawaida. Wote wanasaini."

Rula aliikunja fomu, akaitia mfukoni bila kusaini. Usiingizwe mkenge, mkewe alimwambia usiku huo, wala usijifanye shujaa, mfikirie Mrefu.

Asubuhi alikuja mkuu wa tathmini, mama mtu mzima mwenye miwani, pamoja na wasaidizi wake na yule afisa. Waliwakuta Rula na Mrefu, basi. Majirani hawakuitwa. Yule mama aliomba mashine ya kupukuchua iwashwe, akavua saa, akachukua mahindi mwenyewe. Alipoinama mara ya tatu alishika kiuno.

"Mbona mdomo uko huku?"

"Ndio ubunifu wenyewe, Mama," afisa alidakia.

Watu wote walimgeukia Rula. Nyuma yake ilikuwa mashine ya kukereza, na alihisi uzito wake mgongoni kama mtu aliyesimama karibu mno. Akazima injini. Akaeleza habari ya bega la mama muuza mahindi, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kumlaumu mtu.

"Na umenyamaza mwaka mzima?" mama aliuliza.

"Nilitaka ile mashine," Rula alisema, akiionyesha kwa kidevu. "Nilinyamaza kwa ajili yake. Nimempoteza fundi bora kuliko mimi."

Afisa alimvuta pembeni, akamnong'oneza kwamba mchoro huo umekwisha kupewa karakana nyingine sita. Rula akamuuliza huko nako wateja wana mabega ya namna gani.

Mkuu wa tathmini alivua miwani, akaifuta. Hakuwa mtu mbaya. Alionekana mtu aliyechoka kuona mambo yaleyale. Alisema wazi, mbele ya wote, kwamba akiandika alichosikia, mradi huu utahesabika umeshindwa na mashine ya kukereza itarudi ghalani. Akiandika kwamba mdomo ule ni ubunifu, na Rula akitia saini zile ajira kumi na nne, itakuwa yake kuanzia leo.

"Nikubali, nitaruhusiwa kuuhamisha mdomo?"

"Mchoro umeshasajiliwa. Utaomba upya."

Mrefu aliinamia sakafu. Rula alitoa fomu mfukoni, akairudisha kwa afisa ikiwa haina saini. Kisha akachukua grenda, akavaa miwani yake, akakata ule mdomo mbele yao. Cheche ziliwafukuza hadi mlangoni. Alipomaliza alipiga magoti, akamwomba Mrefu asimame wima, na akaanza kuchora kwa chaki mahali mkono wake wa kulia ulipofika.

Alhamisi lori lilikuja kuichukua mashine ya kukereza. Dada Grenda, aliyekuwa ametumiwa habari na mke wa Rula, alifika kuangalia tu. Hakusema kama anarudi, ila alikuja na miwani yake ya kazi. Ofisi ilikuwa imeajiri vibarua sita wa kubeba, ajira ya saa mbili. Walikuwa vijana wenye nguvu wasiojua chuma, nao waliishika mashine ya kukereza kwa mpini, mahali panapovunjika.

Rula akaweka chaki chini, akawaambia wasishike hapo, wapitishe mikono chini ya kitako, watatu huku na watatu kule. Akashika kona moja naye, wakainyanyua.