Kuyeyuka Kunataka Moto

Wanafunzi walimpa jina la Bi Haswa, kwa kuwa kila jibu alilirudisha na swali: "Haswa ni nini?" Alifundisha kemia. Ukisema elementi ni kitu kisichogawanyika, alikudaka palepale: "Kisichogawanyika kwa njia gani?" Ukisahau kumalizia "za kikemia", huna chako. Nusu maksi hakuijua huyo mama.

Walimu wenzake walimheshimu kwa mbali. Akiingia ofisini soga zilipoa, maana hata mzaha aliutia kalamu nyekundu. Kwake, nyuma ya maabara, meza ilikuwa na viti vinne. Kimoja alikalia, vilivyobaki alivitundikia nguo zinazosubiri pasi.

Zamani mdogo wake alikuwa akija na watoto kila likizo. Mara ya mwisho alikoroga chai weee, akanung'unika, "Sukari gani hii, haiyeyuki!"

"Haimumunyiki," Bi Haswa alimsahihisha. "Kuyeyuka kunataka moto."

Mdogo mtu akaweka kijiko chini. Alikuwa ametoka kuachwa na mumewe, amekuja walau apate sikio la kumsikiliza.

"Dada, kwako mtu haongei. Anafanya mtihani."

Kesho yake alifungasha. Tangu hapo hakukanyaga tena, na simu zikawa za kuulizana afya tu.

Sasa, asubuhi moja Bi Haswa alikuwa akilifundisha darasa jambo lilelile. Alishika kijiko cha sukari juu ya moto wa taa ya spiriti mpaka ikawa uji wa rangi ya asali, harufu ikajaa chumba. "Hii imeyeyuka." Akatia nyingine kwenye maji, akakoroga. "Hii imemumunyika. Mkiyachanganya haya, siku moja mtawasha moto palipotakiwa maji."

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, nyumbani nikisema sukari imemumunyika, bibi ataniuliza nani kaimumunya, na peremende yake iko wapi."

Darasa likaangua kicheko. Bi Haswa naye alicheka, akacheka hadi akavua miwani kufuta machozi.

Saa ya mapumziko kicheko kilikuwa bado kimemkaa kifuani. Ofisini walimu walikuwa wamekaa vikundi vikundi. Akawatazama, akapita, akaenda kukaa peke yake maabara, akampigia mdogo wake.

Alimsimulia yote. Upande wa pili kikasikika kicheko kifupi.

"Ndilo ulilonipigia, dada?"

"Ndilo." Akatafuta neno lingine. Yeye aliyekuwa na neno la kila kitu, alilikosa. "Na... hamjambo huko?"

"Hatujambo. Ngoja nikuache, watoto wananiita."

"Likizo ikifika, njooni."

"Tutaona."

Jioni alitoa shuka safi kabatini, akatandika kitanda cha wageni, akakichomekea vizuri pembe zote. Likizo ilikuwa bado mbali.