Simu Iliyokatika Kwenye Kona ya Mlima

Saa nane mchana, fundi wa mtandao wa simu ameinamia meza, macho hayabanduki kwenye skrini. Mnara wa sokoni umejaa pomoni. Anachukua nafasi nne za kupitisha simu za mnara wa shuleni, wanafunzi wako likizo, anazihamishia sokoni.

"Mtu akiongea huku gari linakwenda, mnara mmoja unamkabidhi kwa mwingine," anaeleza mama huyu wa miaka arobaini na mmoja. "Huo wa pili ukikosa nafasi, simu inakatika. Hapo ndipo mnapotutukana."

Anacheka kidogo, kisha uso unamsawijika.

Miaka miwili iliyopita, siku ya mechi kubwa, mkuu wake wa kazi alimwagiza aongeze nafasi uwanjani. Alizitoa kwenye mnara wa mlimani, sita kati ya kumi na nne. Alasiri hiyo kaka yake alimpigia akiwa njiani, anamkimbiza baba yao hospitali.

"Kaka akasema, 'Mdogo wangu, baba anakutaka.' Nikamsikia mzee anahema. Akaniambia, 'Mwanangu, sikiliza…' Basi. Kimya."

Gari lilikuwa limefika kwenye kona ya mlima. Fundi alipiga, akapiga tena, dakika kumi na tisa nzima. Kaka alipopatikana, alikuwa analia.

Baada ya mazishi ya baba, fundi alifungua kumbukumbu za mtambo. Simu ya kaka yake ilifika mnara wa mlimani, ikakosa nafasi. Kwenye badiliko la asubuhi ile palikuwa na jina lake mwenyewe.

Alimweleza kaka yake bila kuficha.

"Kwa hiyo ni wewe?" kaka aliuliza, akainuka, akaondoka. Siku hizi wanasalimiana kwa ujumbe tu.

"Labda alitaka kunipa wosia. Labda alitaka maji tu," anasema. "Sijui, na sitajua."

Sasa anataka kila mnara utengewe nafasi mbili za kupokea simu zinazotoka mnara mwingine, zisiguswe hata kuwe na mechi. Mara tatu ameandika, mara tatu mkuu wake amemjibu kuwa nafasi isiyotumika ni hasara. Mwezi huu amekubaliwa majaribio ya wiki sita, kwa mnara mmoja. Si ule wa mlimani.

"Anayeanza kupiga akikosa nafasi, atajaribu tena," anasema, akirudisha macho kwenye skrini. "Lakini aliyekwisha kuanza kuongea, jamani, mwacheni amalize."