Ubao wa Herufi na Mashine ya Wifi

Mama Ubao hakupewa jina hilo bure. Kwa miaka ishirini na minane, muuguzi huyo wa macho alisimama kando ya ubao wa herufi, fimbo mkononi, na hakuna mzee aliyepata miwani bila kupita kwake. Kisha ikaja mashine ya kupiga picha nyuma ya jicho, ile inayobashiri nani yuko hatarini kupata presha ya macho kabla hajaanza kupofuka. Na akakabidhiwa nani? Wifi yake, dada mdogo wa mumewe!

Wivu ukamshika. Wazee waliozoea kumwita binti yangu sasa walimpita bila hata salamu, wakaenda kujaza benchi la wifi.

"Wifi, njoo nikupige picha," wifi alimsihi kila wiki. "Mama yako alipofushwa na presha hiyo hiyo. Na wewe siku hizi kila mlango unaupiga bega."

"Milango yenu myembamba."

Siku moja uvumilivu ukamwisha. "Mimi wa kupimwa na mashine? Tazameni!" Akasimama pale wanaposimama wagonjwa, akaziba jicho la kulia, akausoma mstari wa mwisho wa ubao bila kusita. Akashusha mkono akingoja sifa.

Benchi zima likatazamana. Mzee mmoja akakohoa. "Binti yangu, hujapatia hata moja."

Akamgeukia wifi kama mbogo. "Umeugeuza ubao unidhalilishe!"

"Nimeugeuza mimi, mama," mfagiaji akasema kwa woga. "Nilikuwa nafuta vumbi. Si una herufi pande zote mbili?"

Naam, pande zote mbili. Ila Mama Ubao alikuwa amekariri upande wa mbele, na kwa huo alijipima kila asubuhi na kujipa hongera.

Akaketi kwenye mashine, kidevu juu ya kishikizo. Wifi akazitazama picha kwa muda mrefu.

"La kushoto limeshaharibika, wifi, halirudi. La kulia bado zima, lakini liko hatarini sana. Tukianza matone leo, tunaweza kuliokoa."

Mama Ubao akaangua kilio. Wifi akamkumbatia, akidhani ni hofu. Hofu ilikuwepo, ndiyo, lakini wivu uliipita: maisha yake yote amechungulia macho ya watu, na la kwake mwenyewe, wa kwanza kuliona ni wifi.